Makorongo ya Kondoa: jinsi ardhi ilivyochimbika, na jinsi ilivyoanza kupona

Mwaka 1979 serikali ya Tanzania iliamuru ng'ombe, mbuzi na kondoo wote waondolewe kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 la vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Mifugo karibu 90,000 iliswagwa hadi nje ya mpaka uliowekwa. Watu walibaki kwenye nyumba na mashamba yao, mazizi yakabaki matupu. Hatua kali kiasi hicho kwa ajili ya udongo ni nadra kuonekana popote Afrika.

Kilichoifikisha serikali hapo ni makorongo. Sisemi vijifereji vinavyojitokeza shambani baada ya mvua na kufutika kwa jembe msimu unaofuata. Nasema makorongo ambayo kuta zake zinasimama wima, mengine yakishuka zaidi ya mita kumi, yakigawanyika kwa juu kuwa matawi na matawi mpaka mteremko mzima unabaki vipande vya ardhi nyekundu isiyoshika hata jani. Chini ya miteremko hiyo mito ilikuwa imetanuka kuwa mapana ya mchanga mtupu, na mchanga huo ukaendelea kusambaa na kufukia mashamba mazuri ya bondeni.

Je, mifugo ndiyo iliyochimba makorongo hayo? Wengi walisema ndiyo, na jibu hilo likawa sera. Mimi naliona ni nusu ya jibu. Mifugo ilichangia sana kuyaanzisha na kuyazuia yasipone, lakini korongo likishaanza lina nguvu zake lenyewe, na asiyezielewa atamwaga fedha na jasho mahali pasipostahili. Kondoa ilipitia hilo kwa miaka sita, kuanzia 1973 hadi 1979, na ndiyo sababu kisa chake kinastahili kusomwa na kila anayelima au kufuga mlimani.

Vilima vyenyewe

Vilima vya Irangi vinapanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya Novemba au Desemba na mwezi wa nne au wa tano. Kinachobaki ni kiangazi. Kwa hiyo mvua za kwanza, ambazo mara nyingi ni za radi na zinashuka kwa nguvu kwa saa moja au mbili, zinaikuta ardhi imeliwa majani, imekanyagwa, imekauka na kupasuka. Kiasi cha mvua ya mwaka hakitishi mtu. Hatari iko katika ukali wake na wakati inapofika.

Mwamba wa huko ni wa kale sana, matale na jamii zake, na umekaa katika joto na unyevu kwa muda mrefu mno hata umeozea pale pale ulipo. Ukiuchimbua unaona bado mistari na madoadoa ya jiwe la awali, lakini ukiuminya mkononi unamong'onyoka. Juu ya mwamba huo uliooza kuna tabaka la udongo mwekundu lenye mfinyanzi na chuma, ambalo likikauka huwa gumu kiasi cha kurudisha jembe. Hapo ndipo siri ya kuta wima ilipo: tabaka gumu limelala juu ya tabaka laini. Maji yakishapenya chini ya lile gumu, yanakula laini haraka, na gumu linabaki likining'inia.

Miguuni mwa vilima kuna kitu cha tatu, nacho ni cha muhimu zaidi katika Kondoa kuliko watu wanavyodhani. Ni malundo ya udongo na mchanga ulioshuka kutoka juu zamani, ukatua pale mteremko unapopoa, tabaka juu ya tabaka. Makorongo mengi makubwa ya Irangi yamekata humo. Yaani mmomonyoko wa zamani ndio ulioweka akiba ya udongo mlegevu ambayo mmomonyoko wa baadaye ukaja kuichimba.

Korongo linavyoanza na linavyotembea

Tone la mvua ya radi linapiga udongo ulio wazi kwa nguvu ya kutosha kurusha chembe zake. Chembe laini zinaziba matundu ya udongo, na uso wa ardhi unajifunga kwa ukoko mwembamba. Kuanzia hapo maji hayazami tena, yanateremka. Mwanzoni yanateremka kama utando mpana usio na kina, yakichukua udongo wa juu kidogo kidogo kila mahali. Hatua hii ndiyo inayoiba rutuba nyingi, na ndiyo isiyoonekana kwa macho. Mkulima anaona mavuno yanapungua na mawe yanaongezeka, basi.

Utando huo ukikutana na njia ya kuukusanya, mambo yanageuka. Njia hiyo inaweza kuwa bonde dogo la asili, lakini Kondoa mara nyingi ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni, njia ya miguu iliyonyooka kushuka kilima, au mpaka wa shamba. Kwato zinapita mahali pale pale kila siku, zinaua nyasi, zinashindilia udongo na kuacha mfereji. Maji yaliyokuwa yametawanyika yanaingia mfereji mmoja, na nguvu yake inaongezeka kwa kina chake. Kuna mizani hapa ambayo imepimwa katika nchi nyingi: penye mteremko mkali, eneo dogo tu la kukusanyia maji linatosha kuanzisha korongo, penye mteremko wa pole linahitajika eneo kubwa. Ukiondoa majani, eneo linalohitajika linapungua pande zote mbili, na sehemu zilizokaa salama kwa vizazi zinajikuta zimevuka mpaka.

Mahali fulani chini ya mfereji huo maji yanapata ngazi: shimo la mhanga, mzizi uliong'olewa, ukingo wa mto. Yanaanguka. Maporomoko hata ya nusu mita yanatosha. Maji yanapoanguka yanachimba dimbwi chini, dimbwi linakula nyuma, sehemu ya juu inakosa mahali pa kuegemea na inaporomoka. Ngazi imesogea juu hatua moja. Mvua inayofuata inasogea tena. Hiki ndicho kichwa cha korongo, na kinapanda kilima kinyume cha maji. Watu wengi wanadhani korongo linakua kwa kushuka. Linapanda. Ndiyo maana mtu mwenye shamba juu ya kilima anaweza kujiona yuko salama mpaka siku kichwa kinapofika mlangoni.

Kuta zina kazi yao peke yao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika mvua ikiwa imekwisha. Ukuta wima unapokauka unapasuka nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, mita moja au mbili ndani. Mvua ikija, nyufa zinajaa maji. Maji yanausukuma ukuta kutoka nyuma, udongo uliolowa unakuwa mzito, na mguu wa ukuta unalainika kwa maji yanayochujuka kutoka ndani ya kilima. Bamba zima linaanguka. Wakulima wanaoishi karibu na makorongo wanajua mlio wake, na wanajua kwamba unaweza kusikika usiku wa manane bila tone la mvua.

Hapa niongeze jambo ambalo ningependa kila afisa ugani alibebe kichwani. Ukuta haubaki wima kwa sababu ya kuporomoka. Unabaki wima kwa sababu kilichoporomoka kinaondolewa. Kama lile bamba lingebaki pale lilipoangukia, lingefunika mguu wa ukuta, bamba la pili lingelala juu yake, na baada ya miaka michache ukuta ungekuwa mteremko wa kawaida, ukaota majani. Lakini kila mvua kubwa inapitisha maji sakafuni, maji yanafagia lundo, na mguu unabaki uchi. Korongo linaendelea kuwa na kuta wima kwa muda ule ule ambao maji ya juu yanaendelea kufika sakafuni kwa nguvu.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Korongo likichimba hadi kwenye usawa wa maji ya ardhini, maji yanaanza kuvuja kutoka mguu wa ukuta na kukimbia. Ardhi ya pande zote inakaushwa kutoka chini. Visima vinashuka, miti inadumaa, na majani ambayo yangezuia maji ya juu yanazidi kukosa nguvu ya kuota. Korongo linajitengenezea hali ya kuendelea kuishi.

Ushahidi kutoka ng'ambo ya bahari

Ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji, kwenye nyanda za juu za Madagaska, kuna makorongo yanayoitwa lavaka, maelfu kwa maelfu, hasa pande za Ziwa Alaotra ambako mchanga wake unaingia kwenye mashamba ya mpunga. Umbo lake ni kama chungu kilichopasuliwa: mdomo mwembamba chini, tumbo pana juu. Umbo hilo linaonyesha kwamba maji ya ndani ya kilima, yanayotoka mguuni mwa ukuta, yana kazi kubwa kuliko maji yanayopita juu. Kwa miaka mingi lawama zote ziliangukia uchomaji wa nyasi na ng'ombe. Mwaka 1993 Neil Wells na Benjamin Andriamihaja walihoji lawama hiyo kwa kuonyesha kwamba makorongo mengi yana vyanzo vya asili, na baadaye Rónadh Cox na wenzake wakaonyesha kwamba lavaka zimesongamana zaidi kwenye maeneo yenye matetemeko madogo ya mara kwa mara. Hilo haliwaondolei watu dhamana. Linaonyesha tu kwamba kilima chenye ngozi ngumu na nyama iliyooza kiko tayari kupasuka, na msukumo unaweza kutoka kwa zaidi ya mmoja.

Umri wa jeraha

Kondoa nayo ilichunguzwa hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm, akiwamo Carl Christiansson na baadaye Mats Eriksson, walifanya kazi huko kwa miaka mingi, wakisoma mashapo ya Ziwa Haubi, lililo katika vilima hivyo, na matabaka yaliyowekwa wazi na kuta za makorongo. Chembe ya mchanga ikipigwa na jua inapoteza kumbukumbu ya mionzi. Ikifukiwa inaanza kuikusanya upya. Ukiichukua gizani na kuipima maabara unaweza kukadiria ilifukiwa lini. Matokeo yalitoa historia ndefu: awamu moja ya mmomonyoko mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakati hali ya hewa ilipogeuka kuwa ya mvua, kisha awamu mpya iliyoanza takriban miaka 900 iliyopita, wakati wa kilimo, ufugaji na ufuaji wa chuma. Katika bonde la Haubi mwanaakiolojia Bertram Mapunda na wenzake walihusisha historia ya udongo na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma, kazi iliyohitaji mkaa, na mkaa unahitaji miti.

Kwa hiyo simulizi iliyozoeleka, kwamba vilima vilikuwa vizima hadi Warangi walipozidisha ng'ombe, haisimami. Ardhi ya Irangi ilikuwa na jeraha la kale lililofungika na kufunguka. Lakini pia si kweli kwamba karne ya ishirini haikuongeza kitu. Misafara ya pembe za ndovu ya karne ya kumi na tisa ilipita Kondoa ikihitaji chakula. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi, vichaka vikafunga tambarare, mbung'o wakaingia. Watu na mifugo iliyosalia wakabanana vilimani ambako hakukuwa na mbung'o. Msongamano huo, juu ya ardhi iliyokwisha kuwa tayari kukatika, ndio ninaouona kuwa chanzo cha hali iliyoonekana baadaye. Si ulafi wa mfugaji. Ni mtu aliyekimbilia mahali pekee palipokuwa salama kwa mnyama wake.

Waingereza walijaribu kurekebisha baada ya Vita Kuu ya Pili: kufyeka vichaka vya mbung'o tambarare, kuhamisha watu kutoka vilimani, kupunguza mifugo, kulazimisha matuta. Matuta yale yalichimbwa kwa amri na faini. Uhuru ulipofika mwaka 1961, watu waliyaacha pamoja na ukoloni ulioyaleta, na ni vigumu kuwalaumu.

HADO: miaka sita ya kutibu shimo

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Walileta matrekta makubwa, wakachonga makingamaji, yaani matuta ya kuzuia maji, yanayofuata kontua (mistari ya mwinuko mmoja) kwa kilomita nyingi. Ndani ya makorongo walijenga vizuizi vya mawe na fito. Walianzisha vitalu, wakapanda miti na mkonge. Kazi ilikuwa kubwa na watu waliifanya kwa moyo.

Mifugo iliendelea kuchunga juu ya yote hayo. Miche ililiwa, makingamaji yakakanyagwa na kubomoka, na pale kingamaji lilipobomoka maji yote yaliyokusanywa nyuma yake yalitoka mahali pamoja, yakaanzisha korongo jipya. Yeyote aliyeona tuta lililopasuka mlimani anajua hatari hiyo: tuta bovu ni baya kuliko kutokuwa na tuta. Vizuizi vya sakafuni navyo vilizungukwa au kufukiwa, kwa sababu maji yaliyofika pale yalikuwa bado ni yale yale, mengi na ya ghafla. Walikuwa wanatibu shimo, na shimo linalishwa na kilima.

Amri ya 1979 ilibadilisha kilima. Ndani ya misimu michache tu nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti iliyochipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai muda wote. Sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa na mtu. Maji yakaanza kuzama, mafuriko ya ghafla yakapungua, na matokeo yakaonekana chini kabisa kabla ya kuonekana kwenye kuta: mito ya mchanga ilianza kujikusanya kwenye mikondo myembamba, kingo zake zikashika matete na majani. Mapana ya mchanga yaliyokuwa hasara yakawa mashamba, kwa kuwa chini ya mchanga kuna unyevu unaodumu kiangazi. Watu wakapanda miwa, migomba, viazi vitamu na mboga hapo. Sakafu za makorongo mengi zikaota nyasi. Udongo ulioporomoka haukuchukuliwa tena, ukabaki mguuni mwa ukuta, na ukuta ukaanza kulala.

Si kila mahali. Palipokuwa pamebaki mwamba uliooza mtupu, bila udongo wa juu wala mbegu, kuta ziliendelea kumong'onyoka, na vichwa vya baadhi ya makorongo viliendelea kupanda. Kuondoa mifugo hakurudishi udongo uliokwisha kwenda.

Gharama walilipa wenyeji. Kaya zilikosa maziwa, na watoto ndio wa kwanza kuyakosa. Zilikosa samadi, kwenye mashamba yaliyokuwa yanahitaji samadi kuliko kitu kingine. Zilikosa mnyama wa kuuza mwaka wa njaa, wa mahari, wa kafara. Wenye ndugu tambarare waliwakabidhi ng'ombe wao huko. Asiye na ndugu aliuza kwa bei aliyopewa. Mifugo ile iliyohamishwa ilikwenda kuongeza mzigo kwenye ardhi ya wengine, na hesabu ya uharibifu uliohamia huko haikuwekwa kwenye mizani ya mafanikio ya HADO. Naona hilo ni kosa. Mwaka 1986 hatua ya namna hiyo ilirudiwa Mvumi, upande wa Dodoma. Ni mwaka 1989 tu ambapo Kondoa ilianza kuruhusiwa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani, wakikatiwa mabingobingo na majani mengine yaliyopandwa kwenye makingamaji yale yale. Utaratibu huo ungeweza kuanza mapema, sambamba na amri, na ungepunguza uchungu kwa kiasi kikubwa. Ng'ombe bandani analeta maziwa na samadi bila kwato zake kugusa mteremko, ingawa kazi ya kukata majani iliangukia sana mabega ya wanawake.

Msaada wa Sweden ulipokwisha katikati ya miaka ya 1990, doria zilipungua na mifugo ikaanza kurudi vilimani kidogo kidogo.

Kujua korongo lililo hai

Kwa anayetembea Irangi leo, au kwenye kilima chochote cha namna hiyo, kuna mambo ya kutazama kabla ya kuchukua sururu. Tazama sakafu kwanza. Ikiwa ina nyasi na matete, na chini ya kuta kuna lundo lililoota majani, korongo limetulia. Liache, usiingize mifugo, usichimbe mchanga wake. Ikiwa sakafu ni safi na mguu wa ukuta umekatwa wima mpaka chini, bado linakula. Panda hadi kichwani. Tazama ni njia ipi inayoleta maji: mara nyingi sana leo si njia ya ng'ombe tena bali kalvati la barabara, mfereji wa bodaboda au maji ya mapaa ya mabati ya shule. Maji hayo yageuzwe hapo juu, yatawanywe kwenye nyasi au yaelekezwe kwenye mwamba mgumu, kabla hujatumia hata jiwe moja ndani ya korongo. Tazama pia nyufa zilizo sambamba na ukingo. Kati ya ufa na ukingo usipande kitu kizito wala usisimame mvua ikiwa imenyesha. Panda mkonge, minyaa na nyasi nyuma ya ufa, acha ukuta uanguke unavyotaka, na hakikisha tu kwamba kilichoanguka hakina maji ya kukibeba.